Vipande Vilivyopitia Kibondo

Filberti aliponipigia simu kuniambia kwamba Leokadia amefariki, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa pole. Kilikuwa hiki: hata hili amenitangulia. Baadaye nililia, tena nililia sana, mpaka binti yangu akaja kusimama mlangoni kuniuliza mama kuna nini. Lakini nasema jambo kama lilivyokuwa, maana nimechoka kusoma kumbukumbu za watu ambao mioyo yao ilikuwa safi tangu utotoni. Wangu haukuwa hivyo. Nilimwonea Leokadia gere tangu tulipokuwa wasichana wa kwaya, nikamwonea gere alipoolewa Kibondo, nikamwonea gere hata alipougua, kwa jinsi watu walivyomiminika kwenda kumwona. Na katika miaka yote hiyo upo mmoja uliozidi, mwaka ambao mimi na yeye tulishindania wimbo mmoja kwa kompyuta mbili, moja Kasulu na nyingine Kibondo, na radi zikaingilia kati. Simu za kupapasa zilikuwa bado hazijafika kila mfuko. Nilikuwa kijana, mwembamba, na nilidhani kwamba mtu akijitahidi sana hawezi kushindwa na mtu asiyejitahidi.

Aliyetufundisha kuimba alikuwa Mwalimu Melkiori. Alitoka Burundi na familia yake, akaishi kambini, na kutoka huko alikuwa akipata kibali cha kuja kufundisha kwaya yetu Kasulu, na mara mojamoja ile ya Kibondo. Alikuwa mfupi, mwenye kikohozi kisichoisha, na hakukosoa kwa maneno. Ukikosea alipiga meza kwa kidole kimoja, tak, nawe ukajua. Siku moja nilimpelekea chai katika chumba kidogo cha nyuma ya madhabahu, akawa anaongea na mkewe kwa Kirundi, bila kujali kwamba nipo mlangoni. Sijui alidhani Muha atasikia nini. Sisi Waha, lugha yetu ni ndugu ya Kirundi, tunakisikia kama tunavyosikia jirani anavyogombana na mumewe, kila neno. "Adela anaimba sawasawa," alimwambia mkewe. "Humkuti na kosa. Ila Leokadia akiimba, mimi nasahau kupiga meza." Niliweka chai chini nikatoka. Mkewe akaniita, "Adela, sukari je?" nikajibu ipo humo humo, mama, wala haikuwemo. Wacha wanywe chungu.

Basi miaka ikapita, Mwalimu na familia yake wakahamishiwa nchi ya ng'ambo yenye baridi, Leokadia akaolewa na Filberti, muuza asali wa Kibondo, nami nikabaki Kasulu nikiwa mwimbishaji wa kwaya na mtunzaji wa chumba cha kompyuta cha kanisa. Ndipo Mwalimu akapiga simu. Kifua kilikuwa kimemzidi, alisema, na kabla hakijamziba kabisa alitaka nyimbo zake zikusanywe mahali pamoja, zikiimbwa na watu wa nyumbani. Alikuwa ametunga mmoja mpya, wa mwisho. Kasulu tuurekodi na Kibondo waurekodi, kila kwaya na mwimbishaji wake, kisha angesikiliza zote mbili mpaka mwisho na kuchagua moja. "Hiyo moja ndiyo nitakayoiacha," alisema, halafu akakohoa mpaka mwanawe akachukua simu. Mwimbishaji wa Kibondo, bila shaka, alikuwa Leokadia. Nilitaka Mwalimu anichague mimi. Mwaka ule sikutaka kingine, si mume, si nyumba, si kiwanja ambacho watu walikuwa wakinishauri ninunue.

Chumba chetu cha kompyuta kilikuwa nyuma ya kanisa, kimeezekwa bati tupu bila dari, hivyo mvua ikinyesha hamuelewani hata mkipiga kelele. Kompyuta zilikuwa tatu. Moja yangu, ya kurekodia. Ya pili ya Mama Ruti, mwanamke mnene mcheshi aliyechapa kadi za harusi na barua za watu wa mjini. Ya tatu ya mchungaji, ambayo mchungaji aliitumia zaidi kuwekea Biblia yake juu. Modemu ilikaa dirishani, pale waya wa simu ya mezani ulipoingilia. Mchana Mama Ruti alifungua hotipoti la ugali wa muhogo na sombe, kisamvu kilichoungwa mawese, na harufu ikakaa katika karatasi mpaka wateja wakawa wanalalamika kwamba mialiko yao ya harusi inanukia chakula cha jana. Alipenda kuongea na wateja kwa sauti, nami niliijua Kasulu yote bila kutoka kitini: nani anaoa, nani ameahirisha, bibi harusi gani amebadilishiwa jina kwenye kadi na kwa nini. "Adela, wewe kadi yako naichapa lini?" alikuwa akiniuliza. "Nikishamaliza kupandisha wimbo mtandaoni," nilimjibu, na kila mtu akacheka, kwa sababu kupandisha kule kulikuwa hakuishi.

Rekodi yetu ilikuwa nzito, ya picha na sauti, haijabanwa hata kidogo, kwa kuwa Mwalimu hakutaka kitu kilichobanwa. Barua pepe haikuibeba. Diski tulizotuma kwa posta zilifika zimekwaruzwa, moja haikufika kabisa. Mwana wa Mwalimu akatufundisha njia ya kugawana, ile ambayo vijana wanaiita torenti. Kwa asiyeijua, ni hivi: faili linakatwa vipande vidogo vidogo, na kila kompyuta yenye kipande inampa asiye nacho, naye akishakipata anawapa wengine, bila mtu mmoja wa katikati wa kubeba mzigo wote. Mimi nikaweka wimbo wa Kasulu, Leokadia akaweka wa Kibondo, na kompyuta zetu zikaanza kugawana na ile ya Mwalimu kule kwenye baridi. Ni kitu kizuri. Ila kina dirisha moja ambalo kwa mtu wa moyo wangu lilikuwa sumu. Ukilifungua, unaona nani anampa nani, na kwa kasi gani, kila mmoja na mstari wake wa kijani. Nilikaa mbele ya dirisha lile kama mtu anayechungulia nyumba ya watu. Mstari wa Kibondo kwenda kwa Mwalimu ulikuwa unajaa huku nikiutazama. Wangu kwenda kwa Mwalimu haukuwepo. Haukuwa mfupi, haukuwa mwembamba, haukuwepo kabisa.

"Ya Kibondo tumeshaipata yote, binti yangu," Mwalimu akaniambia kwenye simu. "Yako inadondoka tone tone. Kijana anasema imekwama asilimia tisa."

"Itakuja, Mwalimu."

"Leokadia ameimba, we! Sijui huyu mtoto amekula nini."

Asali, nilitaka kumwambia. Amekula asali ya mumewe. Nilisema tu, "Tutajitahidi, Mwalimu," nikakata simu, nikaingia chooni nikakaa humo mpaka Mama Ruti akaja kugonga. Siku hiyo nilimkaripia kila aliyekuja kupiga chapa, na mzee mmoja wa Kasanda aliyeleta barua ya kuomba shamba aliondoka bila barua yake.

Nilifanya kila kilichofundishika. Nilisoma kwamba laini ya simu ina nafasi kubwa ya kushusha na nafasi finyu ya kupandisha, na kwamba ukiiachia kompyuta ipandishe bila mpaka, inajaza laini mpaka hata maombi yake yenyewe hayapiti. Basi nikaiwekea kiasi, chini kidogo ya uwezo wa laini, na intaneti ya chumba kizima ikapumua. Mama Ruti akanishukuru. Lakini mstari wangu kwenda kwa Mwalimu haukuja. Nikafungua kinga ya kompyuta iliyokuwa inazuia wageni. Bado. Ndipo nikamwita Bwana Mushi, afisa wa kompyuta wa halmashauri, mtu wa Moshi, mpole, aliyekuwa akivaa sweta Kasulu na kusema kwao ndiko kwenye baridi ya kweli. Alikaa, akaigeuza modemu, akaniuliza kama ninajua poti ni nini.

"Ni mlango," alisema. "Kompyuta yako inaweza kutoka kwenda kubisha hodi kwa watu. Lakini mtu akija kubisha kwako, anaishia kwenye modemu. Modemu haijui ampeleke wapi, inamwacha nje. Na kwa huyo mwalimu wako ni vivyo hivyo. Sasa wewe unabisha kwake hafungui, yeye anabisha kwako hufungui. Mtakutana lini?"

"Na Kibondo?"

"Kibondo wao wamefungua. Ndiyo maana."

Akaingia kwenye modemu, akaielekeza: anayebisha poti hii, mpeleke kwenye namba ya kompyuta ya Adela. Mstari ukatokea. Jamani, niliruka! Nilimshika Mama Ruti tukazunguka naye katikati ya meza. Mstari wa kijani, mwembamba, lakini wangu, unatoka Kasulu mpaka kwa Mwalimu bila kupita kwa mtu. Bwana Mushi akanywa chai akaondoka. Jioni yake tukanyeshewa kidogo, na kesho asubuhi mstari haukuwepo.

Nikamwita tena. Akaja, akatazama, akaniuliza, "Mmegusa kitu?" Nikasema hatujagusa. Mama Ruti naye akasema hatujagusa, na mchungaji akaapa kwamba yeye hagusi kitu asichokijua. Akaelekeza upya, mstari ukarudi, baada ya siku mbili tatu ukafa tena. Akaja mara nyingine. "Jamani, hakika hamgusi kitu?" "Bwana Mushi, tutakudanganya ili iweje?" Akanuna kidogo. Nami nikapata jibu langu mwenyewe, ambalo lilikuwa limekaa moyoni likisubiri tu sababu: ni Kibondo. Kuna kitu wanafanya huko. Leokadia anajua mtambo kuliko anavyojionyesha, na kila nikifungua yeye anafunga. Mama Ruti aliponiambia nimeanza kuwa kichaa, nilimwambia achape kadi zake.

Nikaenda Kibondo kwa lifti, mpaka Makere kwa pikapu iliyokuwa inapeleka mchele Nyarugusu, kutoka hapo kwa lori la mbao, nikiwa nimejifunga kitenge changu kizuri ili nisionekane mtu aliyeshindwa. Leokadia alikuwa uani anachambua maharage. Aliponiona aliacha ungo, akaja akiwa ameinama kidogo, anapiga makofi polepole, akaniamkia salamu yote, mwiriwe, habari za huko, za kanisani, za mama, za mashamba, za kuku, bila kuruka hata moja, nami nikaitikia yote huku nachungulia juu ya bega lake kutafuta waya. "Mana yanje, Mungu wangu, Adela umekuja kunitembelea!" alisema. Sauti ile. Hata ya kusalimia tu. Nikawaza, mtu hawezi hata kusema karibu bila kuniudhi.

Kompyuta yao ilikuwa katika chumba cha mbele, ambacho Filberti alikitumia kuhifadhi asali. Madebe yalipangwa mpaka dirishani, chumba kikinukia nta na moshi, na nyuki mmoja mmoja alitembea juu ya kibodi bila haraka. Laini ya simu Filberti aliivuta kwa ajili ya wateja wake. Walinipa ugali, maharage mapya, na dagaa waliokaangwa mpaka wakalia mdomoni, na baada ya chakula Leokadia akaniletea asali ndani ya kikombe cha chai na kijiko, kama wanavyompa mgeni wanayemtaka akae. Nilikula yote. Chuki haikunizuia kula. Tulikuwa bado hatujanawa ngurumo ikalia mbali, upande wa Kakonko, na Filberti akanyanyuka akiwa bado anatafuna.

"Chomoa!"

Leokadia akachomoa modemu, mimi nikachomoa kompyuta bila kuambiwa, Filberti akachomoa redio na taa, na kila mtu akarudi kukaa. Nani asiyefanya hivyo kwetu? Huku milimani radi haina mchezo, na kila mtu anamjua mtu aliyeunguziwa televisheni au aliyepoteza ng'ombe chini ya waya. Ngurumo ya kwanza ikilia, mkono unakwenda wenyewe ukutani. Mvua ikapiga, ikapita. Filberti akarudisha waya. Leokadia akaenda jikoni kuosha vyombo, naye Filberti akamfuata na sufuria, nami nikakaa mbele ya kompyuta nikifungua lile dirisha la mistari, nikitafuta ushahidi.

Mistari ilikuwepo. Mvua imepiga, waya zimechomolewa, na wao mstari wao kwenda kwa Mwalimu umerudi wenyewe, bila afisa, bila chai ya afisa. Lakini si hicho kilichonisimamisha. Kilichokuwa kinapanda kwenda kwa Mwalimu hakikuwa wimbo wa Kibondo. Ule alikuwa nao siku nyingi. Kilichokuwa kinapanda ni wetu. Jina nililoliandika mimi mwenyewe, la kwaya ya Kasulu, lipo pale, kwenye kompyuta ya Leokadia. Kompyuta yangu ilikuwa inabisha hodi Kibondo na kuacha vipande vyangu pale, naye anavipeleka mbele. Zile asilimia tisa zote, kila tone la sauti yangu lililomfikia Mwalimu kabla ya Bwana Mushi, lilipitia chumba kile cha asali. Na nikiwa bado nimekodoa macho nikawasikia jikoni, Filberti anaongea kwa sauti ya chini ya mtu anayedhani mgeni hasikii.

"Huu wimbo wa mwenzako unakula laini yangu mpaka wateja wa Mwanza hawanipati. Si unashindana naye?"

"Ego, ndiyo. Lakini usiuzime."

"Kwa nini nisiuzime?"

"Mwalimu anataka kusikia zote mbili. Sasa nikishinda hajamsikia Adela, nitakuwa nimemshinda nani?"

Angalau angekuwa mchoyo! Angalau ningemkuta amekaa juu ya vipande vyangu kama kuku juu ya mayai, nikarudi Kasulu nikiwa na haki ya kumchukia. Hapana. Alikuwa ananibeba mgongoni, na hata hakunisimulia. Nilitamani nichukue lile debe la asali nilimwage juu ya modemu. Badala yake nilimuuliza, aliporudi anajifuta mikono, "Dada Leo, huyu aliyewafungulia poti mnamwita mara ngapi?" Akanishangaa. "Alikuja siku ile ile moja. Kwani kuna kitu kinaharibika?" Nikatazama chumba. Kompyuta moja. Chumba kizima, kompyuta moja tu.

Sikufikiri kitu kingine njia nzima ya kurudi. Nilifika Kasulu nikasubiri mvua, mimi ambaye siku zote naichukia. Ilipokuja tulichomoa wote watatu. Ilipokwisha nilikaa, mikono mapajani, nikamwangalia Mama Ruti, ambaye alikuwa na kadi za harusi za watu, akirudisha waya wa modemu na kuiwasha kompyuta yake kabla yetu sote. Ndipo nami nikawasha yangu, nikasoma namba iliyopewa. Haikuwa ile ya jana. Ile ya jana ilikuwa kwa Mama Ruti. Modemu ikizinduka inagawa namba upya, wa kwanza kuamka anapewa ya kwanza, na mlango wa Bwana Mushi ulikuwa umeelekezwa kwenye namba, si kwangu. Wiki zote zile Mwalimu alikuwa anakuja kunibishia hodi, anapelekwa kwenye kadi za harusi.

Bwana Mushi nilipomsimulia alicheka mpaka akavua sweta. "Si niliwauliza kama mmegusa kitu?"

"Sasa kuchomoa wakati wa radi ni kugusa?" Mama Ruti alimuuliza, na alikuwa anauliza kweli.

"Kwetu ndiyo."

"Basi kwenu mna radi ndogo," alisema Mama Ruti. Bwana Mushi akanionyesha mahali ndani ya modemu pa kuandika kwamba namba hii ni ya kompyuta hii, siku zote, hata iamke ya mwisho. Tukaandika. Ikanyesha, tukachomoa, tukarudisha, na mstari wangu ukarudi wenyewe, ukasimama, ukajaa. Nilikuwa naacha kula ili niutazame. Kumi na kitu ikawa ishirini, ikawa nusu, na siku ilipofika mia nilikwenda kusimama nje uani, nikavuta hewa yenye harufu ya udongo, nikajiambia sasa. Sasa atanisikia mimi, mzima, kutoka mkononi mwangu, na Leokadia hana lake humu.

Nikasubiri simu. Niliibeba simu yangu ya mkononi kanisani, sokoni, bafuni. Katika muda ule nilikuwa na furaha kuliko wakati wowote wa mwaka, na leo ninajua kwa nini. Mpaka pale, kila siku niliyolala bila kuchaguliwa nilikuwa na wa kumlaumu: laini, poti, Bwana Mushi, Kibondo. Nilikuwa bado sijashindwa na mtu.

Mwalimu alipiga Jumapili baada ya ibada. Hakuzunguka. "Nimekusikia mpaka mwisho, binti yangu," alisema. "Nimerudia, nikarudia. Sikukuta kosa."

"Asante, Mwalimu."

"Nimemchagua Leokadia."

Mama Ruti alikuwa karibu nami anakunja kitenge. Aliniangalia usoni, akageuka akaanza kuhesabu viti vya kanisa ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa. Nilisema tena asante, Mwalimu. Sikuwa na mtandao wa kusingizia. Nilikuwa nimeutengeneza mwenyewe, kwa mikono yangu, ukapeleka kila kitu, na kila kitu kikasikika, na hakikutosha. Mwalimu akasubiri kikohozi kipite, akasema ana ombi moja. Wimbo unahitaji sauti ya pili, ya kumjibu Leokadia kati ya beti, na inatakiwa mtu asiyekosea. Hapo nilipaswa kumwambia atafute mwingine. Nilitamani. Lakini alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima, na wimbo ulikuwa mzuri, na mimi, pamoja na ubaya wangu wote, ni mwimbaji. Leokadia akaimba upya peke yake kule Kibondo, akaniwekea, vipande vikaja Kasulu kupitia mlango wangu ulio wazi. Nami nikavaa spika za masikioni katika chumba chenye harufu ya sombe, Mama Ruti akinyamaza kwa mara ya kwanza maishani, nikamjibu. Hatukuwahi kuuimba ule wimbo mimi na yeye tukiwa chumba kimoja. Ulienea, mnaujua wengine wenu. Unapigwa misibani kuanzia Kakonko mpaka ziwani. Watu huuliza huyo anayeimbisha ni nani. Huyo wa pili, sijawahi kusikia mtu akiuliza.

Leokadia tulimzika Kibondo mwezi uliopita. Waliupiga nyumbani, wakaupiga kanisani, wakaupiga makaburini kwa spika iliyofungwa juu ya pikipiki, na kila mara kina mama waliangua kilio ilipoingia sauti yake, na nilipoingia mimi walitumia nafasi hiyo kupenga kamasi. Kesho yake asubuhi nilikuwa natafuta viatu vyangu Filberti akaja kukaa karibu nami. Amezeeka, mikono imejaa makovu ya nyuki. Alisema, "Shemeji, samahani kwa nitakalosema."

"Sema tu."

"Ule wimbo. Wewe ni mtu wa kompyuta. Hakuna namna ya kuitoa ile sauti nyingine, nimsikie yeye peke yake?"

Ile sauti nyingine. Ama alikuwa amesahau ni ya nani, ama alikuwa anajua, na mpaka sasa sijaamua lipi lingeniuma zaidi. Nilimwambia namna ipo, wala si kazi, kwa kuwa faili lake Leokadia lilivyonifikia mwaka ule sijalifuta. Nilifungua kompyuta yangu juu ya mapaja, palepale kati ya vikombe vya uji vya waombolezaji, nikaliweka. Akaimba. Filberti akafumba macho. Ubeti ukaisha, na ikaja ile sehemu ninayojibu mimi, pakawa patupu. Nilingoja. Pakaendelea kuwa patupu, na kwa kuwa mimi ni mimi, sikuweza kuvumilia, nikanyoosha kidole.

"Hapo ndipo ninapoimba mimi, shemeji. Nikiirudisha yangu, patajaa."

Akaushika mkono wangu kabla haujafika. "Paache," alisema. "Hapo anapumua."

Na kweli. Nilikuwa sijawahi kusikia, maana miaka yote hiyo nilikuwa juu yake. Anavuta hewa, anamumunya midomo, anaachia kidogo, anavuta tena, anasubiri zamu yake. Tulisikiliza mpaka mwisho, kila patupu, na kila palipofika patupu Filberti alisogeza kichwa karibu zaidi na kompyuta. Kisha akaniomba nianze tena. Nikaanza tena, nikakaa pale nikimtazama mtu akiusikiliza ukimya wa mkewe kwa makini kuliko watu walivyowahi kuisikiliza sauti yangu, na nikamwonea Leokadia wivu kuliko siku zote.